Saa Tano Hadi Saa Nane: Kula na Wacheki Mezani Kwao

Jumapili, Dresden – Praha

Ukipanda treni ya Dresden kwenda Praha, tafuta kiti cha upande wa kushoto. Mto Elbe unakufuata dirishani ukishatoka mjini, miamba mirefu ya mawe ya mchanga imesimama kando yake, na ukishavuka mpaka karibu na Děčín mto unakuwa ule ule, ila Wacheki wanauita Labe.

Tumetoka Leipzig asubuhi, mimi na rafiki yangu. Yeye ni Mpemba, mimi nimezaliwa Morogoro, na sote tunafanya kazi Ujerumani. Likizo hii ya Oktoba tumeipangia jambo moja: kula chakula cha Wacheki pale wanapokula Wacheki wenyewe, kwa bei wanayolipa wao. Mgawanyo wa kazi mezani umejipanga wenyewe. Mimi nakula kila kitu, na bia nakunywa. Mwenzangu hagusi nguruwe wala pombe, na nyama ya ng'ombe au kuku hali mpaka ajue imechinjwaje. Kwa hiyo riziki yake hapa ni samaki, jibini, mayai, nafaka na mboga. Watu wa pwani wamekuwa wakiniuliza kama mtu anaweza kusafiri Ucheki kwa utaratibu huo bila kushinda na mkate mkavu. Anaweza, na nitaandika siku kwa siku jinsi tulivyofanya.

Jioni tumezunguka uwanja wa mji mkongwe wa Praha, tukasoma orodha za vyakula zilizobandikwa milangoni. Sahani ya guláš, yaani nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa vitunguu vingi na paprika, inazidi koruna 400 katika mikahawa iliyopakana na uwanja. Euro moja ni kama koruna 25, kwa hiyo hesabu yake si ngumu. Hatukukaa. Tumepanda tramu hadi Žižkov, mtaa ambao zamani ulikuwa wa wafanyakazi wa viwandani na mpaka leo unasifika kwa wingi wa hospoda. Hospoda ni baa ya mtaa yenye jiko: meza za mbao, bia ya bomba, na wateja ambao mhudumu anajua watakachoagiza kabla hawajavua makoti.

Kwa kuwa ni Jumapili usiku, tumekula česnečka tu, supu ya kitunguu saumu. Ndani yake kuna viazi, kisibiti na majani makavu ya marjoram, na juu wanamwaga vipande vya mkate uliokaangwa. Sehemu nyingine huipika kwa mchuzi wa nyama na kutia paja la nguruwe (ham), kwa hiyo mwenzangu ameuliza kwanza. Ya hapa ilipikwa kwa maji matupu. Baridi tuliyotoka nayo nje ilikwisha kabla bakuli halijafika nusu.

Jumatatu, Žižkov

Leo ndiyo siku niliyokuwa naisubiri, kwa sababu Jumatatu ni siku ya kazi, na siku za kazi kuna *polední menu*, yaani menyu ya mchana.

Jambo hili ni lazima nilieleze vizuri, maana mgeni asipolijua atatoka Ucheki akisema ni nchi ghali. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, Jumatatu mpaka Ijumaa, karibu kila hospoda yenye jiko hupika vyakula vichache vya siku hiyo. Supu moja au mbili, kisha sahani nne au tano zenye namba. Vimeshaiva na vinasubiri, na bei yake ni ya chini kuliko ile ya orodha ya kawaida ya jioni. Karatasi inabandikwa mlangoni asubuhi. Ikifika saa nane, au chungu kikikauka kabla ya hapo, basi.

Karatasi yenyewe ina namna yake. Mbele ya jina la chakula kuna uzito, kwa mfano gramu 150, na huo ni uzito wa nyama ikiwa bado mbichi. Baada ya jina kuna vitarakimu kama 1, 3, 7, 9. Hivyo ni alama za vyakula vinavyodhuru baadhi ya watu, ambazo sheria ya Umoja wa Ulaya imelazimisha mikahawa kuvitaja tangu Desemba 2014: 1 ni ngano na jamaa zake, 3 ni mayai, 7 ni maziwa, 9 ni seleri. Ukishazikariri hizo nne unaweza kukisia yaliyomo kwenye mchuzi hata kama hujui neno moja la Kicheki.

Tumeingia saa tano na nusu. Unaposukuma mlango unasalimia chumba kizima, *dobrý den*, na wachache watakujibu bila kuinua macho. Meza tupu hakuna, na hilo si tatizo, kwa sababu hapa watu hukaa pamoja. Unasimama kando ya kiti na kuuliza *je tu volno?*, yaani pana nafasi? Tulikaribishwa kwenye meza ya mafundi wawili waliovaa nguo za kazi zenye vumbi la saruji, na dada mmoja mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni. Wote watatu walikuwa wanakula chakula kile kile.

Supu inakuja kabla hujamaliza kukaa. Ilikuwa bramboračka, supu ya viazi yenye karoti, marjoram na uyoga mkavu wa msituni, na uyoga huo ndio unaoipa harufu yake. Mwenzangu alikuwa ameandika sentensi moja kwenye kikaratasi, *Nejím maso ani sádlo*, sili nyama wala mafuta ya nguruwe. Mhudumu, mama wa makamo, alikisoma, akaenda nacho jikoni, akarudi akitikisa kichwa: supu imeanzwa kwa mafuta ya nguruwe. Kisha akaweka kidole kwenye karatasi ya menyu, kwenye namba nne. Hiyo inakaangwa kwa mafuta ya mimea, akasema, na wakati huu kikaango ni safi. Hakuwa na haraka, ingawa chumba kilijaa. Nawaambia wasafiri wenzangu Waislamu: mafuta ya nguruwe, *sádlo*, ndiyo ya kuulizia kuliko hata nyama yenyewe. Yamo kwenye kabichi ya kupikwa, kwenye supu, mara nyingine kwenye sufuria ya kukaangia. Neno hilo moja litakufaa kuliko kitabu kizima cha misemo.

Mimi niliagiza svíčková, na hapa niruhusuni nikae kidogo.

Ni nyama ya ng'ombe iliyolazwa pamoja na karoti, mzizi wa seleri, kitunguu, majani makavu ya mti wa bay (bay leaf) na viungo vizima, halafu ikaokwa polepole mpaka ikalainika. Mboga hizo hazitupwi. Zinasagwa na maji ya nyama pamoja na krimu mpaka ziwe mchuzi mzito wa rangi ya chungwa iliyopauka, mtamu na mchachu kwa pamoja. Juu ya nyama wanaweka kipande cha limau, krimu iliyopigwa, na kijiko cha jamu ya matunda madogo mekundu ya porini. Mara ya kwanza kuiona niliona jamu na nyama haviwezi kupatana. Vinapatana sana: uchachu wa tunda unakata unono wa krimu, na ulimi unarudi kwenye nyama ukiwa umeamka.

Pembeni kuna knedlíky. Hii ni mikate ya kuchemsha: unga wa ngano wa chengachenga, maziwa, yai, hamira, na vipande vidogo vya mkate wa jana. Unga unaviringishwa uwe gogo, gogo linachemshwa majini kwa dakika ishirini hivi, kisha linakatwa kwa uzi, kwa sababu kisu hulibana na kulifanya zito. Vipande vinavyotoka vina matundu, na kazi yake ni kunyonya mchuzi. Fundi aliyekaa mbele yangu aliniona natumia uma kuvidonoa, akanionyesha kwa mkono wake: kata robo, isukume ndani ya mchuzi, igeuze, ndiyo ule. Mchuzi ukibaki sahani ni kama umemkosea mpishi. Sikubakiza.

Namba nne ya mwenzangu ilikuwa smažený sýr. Ni kipande kinene cha jibini la Eidam kilichopitishwa kwenye unga, yai na chenga za mkate, kikakaangwa mpaka nje kikakauka na ndani kikayeyuka. Kinaliwa na viazi vya kuchemsha na sosi ya tartar. Wacheki wengi wamekua nacho. Alikula kimya, halafu akasema, "Bwana, hiki kinashibisha kuliko nyama yako."

Kinywaji chake ni Kofola, soda nyeusi iliyobuniwa Czechoslovakia mwaka 1960, wakati vinywaji vya Magharibi vilipokuwa adimu. Ina mitishamba ndani, na utamu wake haukeri. Hospoda nyingi huitoa kwenye bomba pamoja na bia, kwa kipimo kile kile cha nusu lita, kwa hiyo asiyekunywa pombe anakaa mezani na glasi kubwa sawa na wengine. Hilo nimelipenda sana.

Mezani palikuwa na ukanda mwembamba wa karatasi. Kila glasi ikija, mhudumu anachora mstari mmoja kwa kalamu, na mistari hiyo ndiyo bili. Usiuchukue ukanda wala usiuandike chochote. Ukimaliza unasema *zaplatím*, anajumlisha mbele yako: menyu 169 na 159, bia 58, Kofola 48, jumla 434. Bakshishi haiachwi mezani. Unamtajia jumla unayotaka kutoa, nasi tukasema 480. Watu wawili wameshiba kwa fedha isiyofika euro 20, na jana usiku pale uwanjani fedha hiyo ingetosha sahani moja na soda.

Bei hiyo ina sababu zake. Kwa miaka mingi waajiri wa Ucheki wamekuwa wakichangia chakula cha mchana cha wafanyakazi kwa vocha za karatasi, baadaye kwa kadi, na tangu 2021 sheria inawaruhusu kutoa mchango huo kama fedha taslimu. Serikali inaupunguzia kodi. Kwa hiyo kila mchana umati wa watu wenye kiasi kinachofanana mfukoni unatoka maofisini na kwenye majengo kutafuta chakula cha moto ndani ya nusu saa, na hospoda zinashindana kuwapata. Mgeni anayeingia saa tano na nusu anakula kwa utaratibu uliowekwa kwa ajili yao. Naona ni moja ya mambo mazuri kabisa ya nchi hii, kwamba fundi saruji na karani wanakula chakula cha moto, chenye supu, wakiwa wamekaa meza moja.

Jumanne, Praha

Asubuhi tumetembea. Tumepita U Fleků, ambako bia imekuwa ikipikwa tangu 1499, na U Zlatého tygra, ambako Rais Václav Havel alimpeleka Bill Clinton mwezi Januari 1994 wakakae na wateja wa kila siku. Ni mahali pa kihistoria, lakini sikuja kwa hayo.

Nilitaka zaidi kufuatilia habari aliyonipa mzee mmoja wa kwetu Morogoro. Yeye alisoma Praha miaka ya 60, katika Chuo Kikuu cha 17 Novemba, kilichofunguliwa mwaka 1961 kwa ajili ya wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini na kufungwa mwaka 1974. Ukimuuliza kuhusu Praha, ataanza na mabweni, ataruka masomo yote, atafika kantini. Knedlíky za Jumatatu na za Ijumaa zilikuwa sawasawa, anasema, hata ukienda mji mwingine.

Hakukosea, na leo nimeelewa kwa nini. Baada ya wakomunisti kushika madaraka mwaka 1948, mikahawa na hospoda zilitaifishwa. Zikapangwa katika makundi manne ya bei, la kwanza la hoteli kubwa, la nne la hospoda za chini kabisa. Wapishi wakapewa kitabu cha vipimo rasmi: nyama gramu ngapi, unga gramu ngapi, mchuzi kiasi gani. Chakula kikawa kimoja kutoka mpaka hadi mpaka. Wacheki wengi wanakiona kipindi hicho kuwa kiliharibu upishi wao, kwa sababu vyakula vingi vya mikoa vilisahaulika, na naamini wana haki. Hata hivyo ile tabia ya kuandika gramu mbele ya jina la chakula imebaki, na mlaji anajua analipia nini.

Mchana tulikula Holešovice, mtaa mwingine wa Praha, katika mkahawa mdogo wenye meza chache. Mimi nilichukua *vepřo knedlo zelo*, nguruwe wa kuoka na knedlíky na kabichi, chakula ambacho Wacheki wengi watakutajia cha kwanza ukiwauliza chakula cha taifa. Kabichi ilikuwa na kisibiti na utamu kidogo, nyama imeiva mpaka uma unatosha. Mwenzangu alipata jambo jipya zaidi. Kwenye menyu ya mchana huwa kuna sahani moja tamu, na inaliwa kama chakula chenyewe, si kitu cha kumalizia. Aliletewa *ovocné knedlíky*: madonge ya unga wa jibini laini, ndani kila moja lina tunda zima, juu siagi iliyoyeyushwa, sukari na jibini kavu lililokunwa. Yalikuwa ya plamu. Ukikata, maji ya zambarau yanatoka na kuingia kwenye siagi.

"Chakula cha mchana, sukari?" aliniuliza.

Dakika kumi baadaye alikuwa anakwangua siagi ya mwisho.

Jumatano, Třeboň

Treni hadi Veselí nad Lužnicí, kisha nyingine ndogo. Hapa kusini mwa Bohemia, sehemu ya magharibi ya Ucheki, ardhi ni tambarare na maji yako kila upande, lakini maziwa unayoyaona ni ya kuchimbwa. Hapa watu wamefuga samaki tangu zama za kati. Mwanzoni mwa karne ya 16, Štěpánek Netolický alichimbisha mfereji mrefu, Zlatá stoka, unaopeleka maji kwenye mabwawa, na unafanya kazi hadi leo. Aliyekuja baadaye, Jakub Krčín, alijenga Rožmberk kati ya 1584 na 1590, bwawa kubwa kuliko yote nchini, karibu hekta 490. Nimesimama juu ya tuta lake nikiangalia miti ya mwaloni iliyoota humo, mizizi yake ikishikilia udongo, na nikaheshimu watu waliolibeba tuta hilo kwa mikokoteni.

Oktoba ni mwezi wa mavuno. Maji ya bwawa yanafunguliwa polepole kwa siku nyingi mpaka samaki wakusanyike kwenye kina kilichobaki, na asubuhi wavuvi wanaingia na wavu. Tumelikuta bwawa dogo kando ya barabara likivuliwa, wanaume waliovaa suruali za mpira mpaka kifuani, wanavuta kwa mwendo mmoja. Mwenzangu amekulia Wete, wavu anaujua. Alisimama pale muda mrefu kuliko nilivyomwona amesimama mbele ya jengo lolote la Praha, akaniambia wanakosea kidogo upande wa kulia kwa kuacha wavu ulegee. Baadaye walikaza upande huo huo.

Samaki wenyewe ni kapr, wa maji baridi, ukoo mmoja na ningu wa Ziwa Victoria. Anachukua miaka mitatu au minne kukua. Akishavuliwa haendi jikoni moja kwa moja. Anawekwa kwenye vidimbwi vya maji safi yanayopita, ili ladha ya tope imtoke. Ukila kapr aliyepitia hatua hiyo utashangaa kwa nini watu wengine wanamsema vibaya.

Shida yake ni miiba, mingi, na mingine imegawanyika kama herufi Y. Wapishi wa Třeboň wana dawa yake: mnofu unachanjwachanjwa kwa kisu kikali, mistari iliyosongamana, ili miiba midogo ikatike na iivie ndani ya mafuta. Kisha unakatwa vipande virefu na kukaangwa, unaitwa *kapří hranolky*. Tumekula hivyo, na viazi, na saladi ya kabichi. Mezani palikuwa na furaha ya kweli, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu ile supu ya Jumapili tuliagiza kitu kimoja, mimi na yeye. Alimwomba mhudumu ndimu za ziada na pilipili. Ndimu zilikuja malimau. Pilipili ilikuwa ya unga, nyekundu, haina ukali wowote. Akatoa chupa yake ya pilipili mbuzi kwenye begi, na mhudumu naye akaomba aonje. Alikohoa, akacheka, akaenda kumwita mpishi.

Bei hapa ilikuwa juu kidogo kuliko Žižkov, kama koruna 240 kwa sahani, na nilifurahi kuilipa.

Alhamisi, njiani

Siku ya treni. Kutoka Veselí tunapita Jindřichův Hradec na Jihlava mpaka Brno, vilima, misitu, stesheni ndogo zenye maua dirishani. Tumekula mkate na mayai.

Brno usiku nimepata dršťková, supu ya utumbo wa ng'ombe yenye paprika, kitunguu saumu na marjoram. Ukiitazama na kuinusa ni supu ya utumbo ya kwetu kabisa, ile ya asubuhi, ila wamebadilisha limau kwa paprika na chapati kwa mkate. Sikuwa nimekula kitu kilichonikumbusha nyumbani kwa namna hiyo tangu mwaka jana. Koruna 65.

Ijumaa, Brno

Brno ina msikiti, wa kwanza kujengwa Ucheki, uliofunguliwa mwaka 1998. Jengo halina mnara na mtu asiyejua atalipita. Mwenzangu alikwenda swala ya Ijumaa, mimi nikatumwa kushika meza, kwa sababu swala inaisha saa saba na ushee na menyu ya mchana inafungwa saa nane.

Hospoda niliyoichagua iko kwenye barabara ya nyuma ya stesheni, chumba kimoja kirefu, ukuta wa mbao mpaka kiunoni. Hewa ni safi. Tangu 31 Mei 2017 kuvuta sigara ndani ya mikahawa na baa kumepigwa marufuku, na watu wazima wanasema kabla ya hapo mtu alikuwa anatoka na moshi mpaka kwenye soksi. Niliagiza Kofola na kukaa nikitazama ubao. Kila chungu kikikauka, kijana wa jikoni anatoka na kufuta mstari mmoja. Saa saba na robo svíčková ikafutwa. Saa saba na nusu guláš. Nilimweleza mhudumu kwa Kijerumani na vidole kwamba ninamsubiri ndugu yangu, hali nyama, anatoka kuswali. Akaniuliza mayai anakula? Nikasema anakula. Akaenda jikoni, akarudi, akasema sahani moja imewekwa pembeni.

Mwenzangu aliingia saa nane kasoro dakika chache, kofia bado kichwani. Alichowekewa kilikuwa *čočka na kyselo*: adesi zilizopikwa na kukolezwa kwa siki na sukari kidogo, juu yai la kukaanga na vitunguu, pembeni tango la kuchachushwa. Mara nyingi wanaongeza soseji, na ya kwake waliiacha jikoni. Kwa Wacheki hiki ni chakula cha siku za kawaida, cha kantini, na wengi hula adesi siku ya Mwaka Mpya ili fedha zisipungue mwaka mzima. Aliila yote bila kusema neno, kisha akaniambia, "Ndugu yangu, nikirudi Pemba nitatia siki kwenye adesi, na mama asiponielewa nitampikia mwenyewe." Nami niliamini.

Tulilipa sahani hiyo koruna 145. Nataka niandike wazi kwamba mhudumu yule hakuwa na sababu yoyote ya kutushikia chakula zaidi ya utu wake.

Jumamosi, Olomouc

Safari ya treni ni ya muda wa saa moja na nusu hivi. Jumamosi hakuna menyu ya mchana, kwa hiyo leo ni bei ya kawaida, lakini Olomouc si Praha na tofauti haiumizi.

Katikati ya uwanja mkubwa kuna nguzo ya Utatu Mtakatifu, mita 35, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Watu huipiga picha. Sisi tulikwenda upande wa pili, kwenye saa kubwa ya ukuta wa jumba la mji. Saa ya zamani iliharibiwa mwishoni mwa vita, na ilipotengenezwa upya miaka ya 50, msanii Karel Svolinský aliondoa watakatifu na wafalme, akaweka wafanyakazi. Saa sita kamili mchana, sanamu zao zinaanza kuzunguka. Tuliwasubiri. Mtu asingeweza kubuni saa inayofaa zaidi kwa nchi ambayo adhuhuri yake ni ya wafanyakazi.

Kilichotuleta hapa ni *tvarůžky*, jibini dogo la duara, la manjano, linalotengenezwa Loštice, kaskazini mwa mji huu. Linatokana na maziwa yaliyotolewa mafuta, karibu halina mafuta kabisa, na tangu 2010 jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya. Harufu yake inaingia chumbani kabla ya sahani. Sitaipamba: ni kali. Ulimini ni habari nyingine, chumvi, unono, uchachu wa mbali, na ukilikandamiza juu ya mkate wenye siagi na vitunguu vibichi harufu inasahaulika. Tuliagiza mabichi, na mengine yaliyokaangwa.

Meza yetu alikuwepo mzee wa miaka themanini hivi, peke yake, na glasi yake ndogo. Alipotusikia tukizungumza aliuliza kwa Kijerumani tunatoka wapi. Tanzania, tukasema. Akaitikia kwa kichwa. Akiwa mtoto alisoma habari za Hanzelka na Zikmund, Wacheki wawili waliovuka Afrika kutoka kaskazini hadi kusini kwa gari la Tatra mwishoni mwa miaka ya 40, na Afrika Mashariki anaijua kupitia kwao. Yeye mwenyewe alifanya kazi ya viatu Zlín, mji ambako Tomáš Baťa alianzisha kampuni yake mwaka 1894, katika kiwanda kilekile kilipokuwa kimetaifishwa na kuitwa Svit. Nikamwambia kwamba kwetu hakuna asiyejua Bata, kwamba watoto wengi wa Kenya na Tanzania kiatu chao cha kwanza cha shule kilikuwa Bata, na kwamba Limuru, kule Kenya, kuna kiwanda. Alitaka kujua viatu hivyo vya shule vilikuwa vya namna gani, soli imeshonwa au imegundishwa. Nilijitahidi kukumbuka.

Kisha akageukia chakula. Mafundi wa kwetu wanakula nini mchana? Wali na maharage, nikasema, ugali na samaki, kwa mama ntilie, chini ya turubai karibu na kazi. Bei gani? Nikamtajia. Akapiga hesabu kwa vidole, akaridhika. Supu inakuja kwanza?

Mwenzangu akamweleza kwamba kwetu supu ni ya asubuhi, kabla ya kazi, inaliwa na chapati. Mzee aliweka kisu chini. Supu asubuhi, akarudia, akiitafakari kwa makini kabisa, halafu akasema hilo lina akili na hajui kwa nini Wacheki hawakulifikiria. Akamwita mhudumu, akatuagizia sahani nyingine ya tvarůžky, na akataka tumwandikie hiyo chapati inapikwaje.